Waisifuo familia kubwa wamemsahau dada

Siku hizi ni nadra kuhudhuria mazishi ya mzee au ajuza wa hapa Nakuru bila ya kumsikia msemaji mmoja, aghalabu mwanamume wa makamo aliyevaa suti, akizisifu familia kubwa za zamani. Atawahesabu watoto wa marehemu, tisa, kumi au kumi na wawili; atawataja wajukuu na vitukuu; kisha atauliza kwa masikitiko ni nini kilichowapata vijana wa leo hata wakaridhika na mtoto mmoja au wawili, wanaokua mbele ya televisheni bila ya kujua maana ya kugawana kipande cha mkate. Waombolezaji huitikia kwa kichwa. Nami huitikia, kwani mengi ayasemayo ni ya kweli. Hata hivyo, sijapata kumwona msemaji huyo akimkabidhi kipaza sauti mwanamke aliye nyuma ya hema, karibu na sufuria, akiwapakulia wageni chakula. Aghalabu mwanamke huyo ndiye binti wa kwanza wa marehemu, na katika watu wote waliokusanyika pale, ndiye anayeijua hasa habari inayosimuliwa.

Nasema hivi kwa sababu sifa za familia kubwa tumezisikia kutoka kwa wale waliobebwa. Aliyebeba hajaulizwa.

Mimi ni wa saba katika watoto tisa. Kifungua mimba alizaliwa mwaka 1962 na kitinda mimba mwaka 1980. Tulilelewa katika vyumba viwili vya nyumba ya baraza la manispaa mtaani Kivumbini, jina ambalo halihitaji kufafanuliwa kwa yeyote aliyewahi kukaa Nakuru mwezi wa Februari, upepo wa kutoka Menengai unapovuma. Baba alikuwa fundi wa reli. Mama aliuza mboga sokoni. Aliondoka kabla ya jogoo wa pili na kurejea magharibi. Kati ya saa hizo mbili, nyumba ilikuwa mikononi mwa msichana ambaye, nilipozaliwa mimi, alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja.

Hatukuwa kioja. Uchunguzi wa uzazi uliofanywa nchini mwaka 1977 na 1978 ulionyesha kwamba mwanamke wa Kenya, kwa wastani, angejifungua watoto wanane katika maisha yake, ingawa serikali ilikuwa imeanzisha mpango wa uzazi tangu mwaka 1967. Mwaka 1989 wastani huo ulikuwa umeshuka hadi 6.7, mwaka 1998 ukawa 4.7, na uchunguzi wa mwaka 2022 ukaukuta ukiwa 3.4. Mji nao ulikuwa ukifurika. Sensa ya mwaka 1969 iliwahesabu watu wapatao 47,000 mjini Nakuru. Ile ya mwaka 1989 ikawakuta zaidi ya 160,000. Watu waliongezeka upesi kuliko vyumba. Nyumba nyingi za manispaa na za reli zilijengwa kwa kumfikiria mfanyakazi mmoja aliyeiacha jamaa yake mashambani, si mume, mke, watoto tisa, na binamu aliyekuja kutafuta kazi kwa muda wa wiki mbili akakaa miaka minne.

Msomaji aliyekulia peke yake hudhani kwamba watoto tisa ni kundi moja la marafiki. Sivyo hata kidogo. Familia kubwa hugawanyika katika mataifa madogo madogo, yenye mipaka, mikataba na vita, na kwetu mipaka hiyo iliwekwa na godoro. Chumba cha mbele kilikuwa sebule mchana na bweni usiku. Meza ilisukumwa ukutani, godoro likatandikwa sakafuni, na sisi wavulana wanne tukalala mzungu wa nne, wawili vichwa vyao vikielekea mlangoni na wawili vikielekea dirishani. Ndugu yangu aliyekuwa wa tano kuzaliwa ndiye ambaye miguu yake ilikuwa karibu na pua yangu kwa muda wa miaka minane, na ndiye rafiki yangu mkubwa hadi leo. Wa nne na wa sita, waliolala upande wa pili, wana siri zao ambazo sikuwahi kuzijua na sasa sijali kuzijua. Damu ilikuwa moja kwetu sote, lakini mnong'ono wa usiku haukuvuka upande wa pili wa blanketi.

Vita vyetu vilikuwa juu ya mambo ambayo mtoto wa leo hawezi kuyaelewa. Nani atatangulia kuoga kabla maji ya karai hayajawa kama supu? Nani atavaa viatu vilivyomtoka wa nne iwapo vinamtosha wa tano na wa sita vilevile? Sweta moja ya rangi ya kijani kibichi ilivaliwa na watu watano mfululizo. Ilipofika kwangu, viwiko vilikuwa viraka juu ya viraka, na mwalimu mmoja aliniita kwa jina la kaka yangu kwa sababu aliitambua sweta kabla ya kuutambua uso.

Basi turudi kwa kile kipande cha mkate kinachosifiwa mazishini. Ni kweli tuligawana. Lakini kugawana hakuoti kama nyasi. Kuna mtu anayegawa. Chukua mfano wa maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kutolewa katika shule za msingi mwaka 1979. Kila aliyesoma enzi hizo anazikumbuka pakiti zile za pembe tatu. Kwetu palikuwa na utaratibu kwamba siku za maziwa, watatu kati ya sisi tuliokuwa shuleni tungekunywa zetu, na mmoja angeirudisha yake nyumbani bila ya kufunguliwa kwa ajili ya wadogo wasiofikia umri wa shule. Zamu zilizunguka, na hapana aliyeruka zamu yake wala aliyepewa zamu ya mwenzake. Wageni walistaajabu, wakamsifu mama kwa watoto wenye moyo wa kutoa. Moyo huo ulikuwa umeandikwa kwa makaa nyuma ya mlango wa chumba cha ndani, kwa mwandiko wa dada, majina na siku.

Aidha kulikuwa na marafiki wa nje. Katika hili nakubaliana kabisa na wasifuji: nyumba yenye watoto wengi haina mlango. Kila mmoja wetu alikuwa na rafiki angalau mmoja aliyekula kwetu mara nyingi kuliko kwao. Kulikuwa na mtoto wa Kinubi ambaye kila Idd alituletea sinia ya pilau, na sisi tukahesabu siku za Idd kwa makini kuliko Waislamu wenyewe. Kulikuwa na vijana wawili wa Kijaluo, pacha, waliotufundisha kula omena bila ya kukunja uso. Mkisii mmoja alikaa nasi muhula mzima wazazi wake walipohamishwa kikazi. Jumapili tulitoka kundi la watoto kumi na watano kwenda kuwaangalia heroe ziwani kwa mbali, na jioni kundi zima lilirejea likiwa na njaa. Hakuna aliyeuliza ni mtoto wa nani. Dada alihesabu vichwa akatia unga. Vikombe vya bati vilikuwa kumi na viwili. Wa kumi na tatu alinywea uji kwenye kifuniko cha chupa ya chai.

Nakumbuka marafiki wa kila mmoja wetu kwa majina na kwa meno waliyong'oka. Wa dada namkumbuka mmoja tu.

Alikuwa msichana wa Bondeni aliyesoma naye darasa moja. Alikuja alasiri, akasimama karibu na mfereji wa nje ambako dada alikuwa akifua. Hakualikwa kuketi kwa kuwa hapakuwa na pa kuketi, wala dada hakuacha kufua kwa kuwa jua lilikuwa likishuka na sare zilitakiwa kukauka. Walizungumza kwa nusu nusu. Msichana yule angeanza kusimulia jambo, mara kilio kikasikika ndani. Dada akaenda, akarejea na mtoto mgongoni kwenye leso. Jambo likaendelea kutoka lilipokatika, mara mmoja wetu akaja na goti lenye damu. Nadhani urafiki wao wote, kwa muda wa miaka mitatu au minne, ulikuwa wa sentensi ambazo hazikufika mwisho. Wote wawili walifanya mtihani wa CPE mwaka 1976 na wote wawili wakapita. Rafiki yake akaendelea na shule ya upili, kisha chuo cha ualimu. Dada alibaki. Karo ilikuwa ya mtoto mmoja, na mvulana aliyemfuata alikuwa nyuma yake kwa mwaka mmoja tu. Isitoshe, mama alikuwa na mimba, na soko halikungoja mtu. Uamuzi huo haukuchukua hata jioni moja. Msichana wa Bondeni aliendelea kuja wakati wa likizo, akiwa na kaptura ya michezo na hadithi za bwenini, mpaka likizo moja hakuja tena.

Dada aliolewa mwaka 1986, kitinda mimba alipoingia darasa la kwanza. Ninazitaja tarehe hizi mbili pamoja kwa sababu yeye mwenyewe huzitaja pamoja.

Mwaka mmoja, mwezi wa Desemba, tulipokuwa tumekusanyika sote, nilimwuliza waziwazi. "Dada, mbona hukuwa na marafiki?" Alikuwa akichambua mchele. Alicheka, akasema, "Mdogo wangu, marafiki huhitaji mahali pa kuketi. Nyinyi mlikuwa mmeketi kila mahali." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja bei ya kitu alichokinunua zamani, na akaendelea na mchele wake.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba wazazi wetu walimdhulumu. Mama mwenyewe alikuwa kifungua mimba, naye aliachishwa shule darasa la tatu kwa sababu iyo hiyo. Alimpokeza bintiye mzigo aliopokezwa na mamaye, na hapakuwa na mwingine wa kuupokea. Wala sisemi kwamba dada hakupata kitu. Ghasia zilipozuka Nakuru mwezi wa Januari mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na maelfu wakakimbilia uwanja wa maonyesho ya kilimo, wale marafiki zetu wa utotoni hawakutupigia simu sisi tuliocheza nao mpira. Walimpigia yeye. Jamaa mbili za makabila mawili yaliyokuwa yakiwindana mitaani zililala siku tisa nyumbani kwake Lanet, chumba kimoja, watoto mzungu wa nne. Waliijua sufuria ya nani haiulizi kabila. Jambo hilo sina budi kulihesabu upande wake, na ni kubwa kuliko vyeti vyetu vyote vilivyotundikwa ukutani.

Lakini hesabu ina pande mbili, na upande wa pili hatupendi kuusoma. Tazama tulivyofanya sisi tuliosoma. Familia zetu ni ndogo. Sensa ya mwaka 2019 ilikuta wastani wa watu 3.9 katika kila nyumba nchini. Mabinti zetu wa kwanza wanasoma hadi chuo kikuu, nasi tunajisifu kwamba tumeukomesha utumwa ule. Je, nani anayewapikia uji watoto wetu saa kumi na moja alfajiri? Ni msichana tuliyemtoa Baringo au Busia, mwenye umri wa miaka kumi na tisa kwa maneno yake na kumi na sita kwa sura yake, ambaye kwao huenda ndiye kifungua mimba. Tumemwondoa dada yetu katika kazi hiyo tukamwajiri dada wa watu wengine, naye pia marafiki zake husimama nje ya lango wakizungumza kwa nusu nusu.

Kazi yenyewe haijapungua. Uchunguzi wa matumizi ya muda uliofanywa na Shirika la Kitaifa la Takwimu mwaka 2021 ulionyesha kwamba mwanamke nchini hutumia takriban saa nne na nusu kila siku katika kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa. Mwanamume hutumia chini ya saa moja. Hao ni watu wazima wa umri wa miaka kumi na mitano na kuendelea. Msichana wa miaka kumi na mmoja aliye na mtoto mgongoni hakuwamo katika hesabu hiyo.

Sheria imeanza kuamka, japo kwa upande mmoja. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inatambua kwamba kazi za nyumbani na malezi ya watoto ni mchango katika kutafuta mali. Mwaka 2021, katika kesi ya mume na mke waliotengana, Jaji Teresia Matheka wa Mahakama Kuu, aliyekuwa akihudumu papa hapa Nakuru, alieleza kwamba kuwa mke wa nyumbani ni kazi ya kutwa inayostahili kuhesabiwa mali inapogawanywa. Hukumu hiyo ilizungumzwa sana katika matatu na vinyozi, wanaume wengi wakilalamika. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikafafanua, katika kesi nyingine, kwamba nusu kwa nusu haiji yenyewe na kwamba kila mmoja sharti athibitishe mchango wake. Iwe iwavyo, mke anao mlango wa kubisha. Dada aliyewalea ndugu zake wanane hana. Hakuwa mke katika nyumba ile, alikuwa mtoto. Na Sheria ya Urithi, inayotumika tangu mwaka 1981, humhesabu kama mtoto mwingine yeyote, sawa na kitinda mimba aliyebebwa naye mgongoni. Hiyo ni haki, wala siipingi. Nashangaa tu kwamba hata haki hiyo, isiyotia kazi yake katika mizani, katika koo zetu nyingi bado yaonekana kuwa ni upendeleo.

Dada sasa amepita umri wa miaka sitini. Hana pensheni, kwa kuwa hakuna mwajiri aliyewahi kuandika jina lake. Fedha za wazee za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, huanzia umri wa miaka sabini. Magoti yanamsumbua, daktari alimwuliza kama aliwahi kubeba mizigo mizito utotoni, naye akajibu kwamba hakuwahi kufanya kazi ya mizigo. Nilikuwepo chumbani aliposema hivyo.

Mama alifariki mwaka 2022, na baba alikuwa ametangulia. Waliacha ekari tatu huko Subukia, ambazo baba alizipata kwa hisa za kampuni moja ya kununua mashamba katika miaka ya sabini. Kikao cha kuzigawa kimefanyika mara mbili. Katika kikao cha pili nilipendekeza kwamba dada apate fungu lake kama sisi wote, na zaidi ya hapo sisi wanane tuchange kila mwezi fedha za matumizi yake pamoja na ada ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba mwaka 2024. Mchango wa kila mwezi ulikubaliwa bila ya mjadala mrefu, na yule wa tano, mwenzangu wa godoro, ndiye anayeukusanya. Kuhusu shamba, ndugu zangu wawili wamesimama imara. Wanasema dada aliolewa, na fungu lake liko kwa mumewe. Mumewe alifariki mwaka 2009, na nyumba ya Lanet ni ya kukodi. Kikao cha tatu ni mwezi wa Agosti. Dada ameuliza tutakuwa watu wangapi, apate kujua kiasi cha unga.